Mgongo kuuma si mgongo kuumia

Mhariri,

Gazeti lenu huwa nalipata Malaba upande wa Kenya, kwa mama mmoja anayeuza chai, na mara nyingi linakuwa la jana na limeshafungiwa mandazi lakini nalisoma hivo hivo na mafuta yake. Naona mnaandika sana habari za presha na sukari, sawa, lakini mgongo hamuandiki, labda yale matangazo tu ya wanaouza mikanda na mafuta ya kuchua. Sasa mimi naleta habari ya mgongo na naomba msiikate sana.

Mimi ni dereva wa malori, naishi Tororo. Njia ya Mombasa mpaka Kampala nimeipiga zaidi ya miaka ishirini na kabla ya hapo nilikuwa taniboi, yaani utingo. Mwaka 2017 nilikuwa juu ya mzigo nakaza kamba ya turubai, kamba ikakatika, nikaja chini chali. Nikalala wiki tatu, nikaamka, nikarudi barabarani na mgongo unauma, nikasema utaisha, haukuisha, kilichoisha ni mwaka, ukaja mwingine, na mwingine.

Unajua kwa Kiswahili mtu mwenye maumivu tunasema anaumwa. Ni neno lile lile la mtu aliyeumwa na mbwa. Ukisema tu naumwa mgongo watu wanauliza nini kinakuuma, yaani lazima huko ndani kuwe na kitu chenye meno. Basi mimi miaka yote ile nilikuwa natafuta chenye meno. Nilipiga eks-rei. Nilidungwa sindano za diklofenaki mpaka pale duka la dawa wakiniona naingia mlangoni washachukua bomba, alafu na tembe juu yake, mpaka nikapata alsa, sasa nina mgongo na tumbo. Nilipelekwa kwa mzee mmoja wa kuchanja chale akasema ni upepo umeingia. Ndugu zangu wakasema ni mkono wa mtu, tena wakamtaja jirani kwa jina, na yule jirani mpaka leo hatusalimiani vizuri, aibu tupu. Mwisho nikauza ng'ombe wawili nikaenda Kampala kupiga MRI, ile picha ya mashine kubwa inayoonyesha ndani ya mwili, kwenye kliniki moja ambayo jina silitaji.

Pale ndo niliharibika. Yule aliyenisomea picha hata hakuniambia kaa. Akasema mzee diski zako za chini (zile pedi laini katikati ya mifupa ya mgongo) zimekwisha, mgongo huu ni wa mtu wa miaka themanini, ukiinama vibaya utapooza, kuanzia leo usibebe hata jerikeni. Dakika tano, nikalipa, nikatoka. Mhariri sisemi uongo, nilivyoingia mle ndani nilikuwa mtu anayeumwa lakini anatembea, nilivyotoka nilikuwa nashika ukuta.

Lori nikaacha. Mkanda navaa mchana na usiku. Kiatu kikianguka mke wangu ndo anainama kuniokotea. Mjukuu wangu alikuwa na miaka mitatu, akija mbio kunirukia nampigia kelele, mpaka mtoto akajifunza kunisalimia akiwa mlangoni kama mgeni, na hilo liliniuma mahali ambapo MRI haifiki.

Mwaka 2023 binti yangu aliye chuoni akaniambia baba kuna fizio, mtu wa kutibu viungo kwa mazoezi, kwenye hospitali moja huku Mbale, nenda. Mimi fizio nilikuwa najua ni wale wanaokimbia uwanjani na chupa ya maji mchezaji akianguka. Nikakuta ni msichana, umri wa mtoto wangu wa tatu. Nikasema moyoni haya, ng'ombe wengine wawili hawa.

Lakini yule msichana alikaa na mimi saa nzima. Kwanza alinipima kweli kweli, akanigonga magoti na kanyundo, akapapasa miguu, akaniuliza kama haja ndogo naizuia vizuri, kama kuna ganzi kule ninapokalia, kama nimepungua uzito, kama nina homa na jasho la usiku. Alinieleza baadaye kwamba kuna migongo ambayo ni migonjwa kweli, huku kwetu TB ya mgongo ipo, kansa ipo, mshipa kubanwa upo, na hiyo haitaki maneno inataka hospitali haraka. Nalisema hili mapema asije mtu akasoma barua yangu akaacha dawa yake ya TB akaanza kupiga mazoezi.

Alipoona hakuna kitu cha hivyo akaniuliza swali ambalo miaka sita hakuna aliyewahi kuniuliza, akasema "Mzee, wewe mwenyewe unafikiri mgongo wako una nini?" Nikamwambia musawo, chasi imekunjika. (Sisi Uganda mtu yeyote wa hospitali ni musawo, hata kama unaongea Kiswahili.) Akacheka kidogo, akachukua ile picha yangu, akaniambia kuna utafiti ulitoka 2015, watu walikusanya tafiti 33 za watu 3,110 waliopigwa picha za mgongo na ambao hawaumwi, nasisitiza hawaumwi, watu wazima kabisa, na wakakuta kwenye wale wa miaka ishirini asilimia 37 diski zao zimeshachakaa, kwenye wa miaka hamsini ambayo ndo mimi ni asilimia 80, na wa miaka themanini asilimia 96. Hata diski kutokeza nje, ile wanayotishiwa watu, wa miaka hamsini ni asilimia 60 na hawajui kama wanayo. Akaniuliza "mzee wangu, hizo mvi kichwani zinakuuma?" Nikasema hapana. Akasema nyingi ya hizi ni mvi za mgongo.

Nilikasirika, sitaficha. Manake kama diski si kitu basi nauliza kinachoniuma ni nini, nadanganya? Ng'ombe zangu ziliuzwa bure?

Hapo akaniuliza kama najua ile methali ya aliyeumwa na nyoka. Nani asiyeijua, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Akaniambia kuna mzungu wa Australia anaitwa Lorimer Moseley, alianza kama fizio kama yeye alafu akaenda kusomea ubongo na neva, ile mishipa ya fahamu, na huyu mtu methali hiyo ilimkuta mwilini. Alikuwa anatembea porini, kitu kikamgusa kifundo cha mguu, akadhani ni kijiti, akaendelea na safari zake. Kumbe ni nyoka, tena wa wale wenye sumu kali kuliko karibu wote duniani, akaponea chupuchupu. Baadaye akatembea tena porini, kitu kikamgusa mguu ule ule, akaanguka kwa maumivu makali ajabu, wenzake kuangalia, ni kijiti kweli, kamkwaruzo tu. Sasa tazama, siku ya sumu maumivu hakuna, siku ya kijiti mtu anagaagaa chini. Mara ya pili mguu haukuwa na kitu lakini ubongo ulikuwa unakumbuka ya kwanza na haukutaka mchezo.

Akaongeza na ya fundi mmoja wa ujenzi Uingereza, iliandikwa kwenye jarida la madaktari 1995, kijana wa miaka 29 aliruka chini akakanyaga msumari wa sentimita 15 ukapenya buti mpaka ukatokea juu. Analia, hata kuutikisa kidogo hawezi, wakampa dawa za nguvu kumtuliza ndo wakauchomoa. Kuvua buti, msumari ulipita katikati ya vidole, hata ngozi haijachubuka. Je yule kijana alikuwa anadanganya? Aliona msumari umetoboa buti lake, ubongo ukafunga hesabu, ukapiga kengele. Na mjomba wangu aliyekuwa jeshini alinisimulia kinyume chake, alipigwa risasi ya paja akakimbia nayo mpaka salama ndo akaanza kulia. Fizio akasema hata hilo linajulikana, daktari wa Marekani Henry Beecher aliliona kwa wanajeshi kule Anzio, Italia, 1944, watu wana vidonda vya kutisha na wengi wao wakiulizwa wanasema dawa ya maumivu hawahitaji.

Sasa ntaeleza kama dereva nilivyoelewa, kama nimekosea mafizio wanirekebishe. Lori likiwasha taa nyekundu kwenye dashibodi dereva mpya anakimbilia kufungua injini. Fundi mzee anauliza kwanza, je ni injini au ni sensa, kile kidude kinachopeleka habari kwenye taa? Kwenye mwili neva hazibebi maumivu, zinabeba habari tu kwamba huku kuna joto, huku kumebanwa, huku kuna hatari. Habari inafika kwenye uti wa mgongo na pale kuna kama kizuizi cha polisi, nyingine inapita, nyingine inarudishwa, na hata makao makuu juu yanaweza kupiga simu chini kusema fungua au funga. Hilo la kizuizi waliliandika Ronald Melzack na Patrick Wall mwaka 1965. Alafu ubongo ndo unaamua, ukiangalia na mambo mengine, umelala vipi, una deni gani, yule wa kliniki alikuambia nini, ndo maumivu yanatoka. Na zile habari zikipita kila siku miezi na miezi, wale askari wa kwenye uti wa mgongo wanakuwa wakali, mwanzo walikuwa wanasimamisha malori tu sasa wanasimamisha na baiskeli na kuku. Clifford Woolf, mzaliwa wa Afrika Kusini, alilionyesha hilo kwa panya 1983. Fizio alinirekebisha kitu kimoja, akasema mzee usiseme sensa imekufa, sensa yako ni nzima, imezidi ukali tu kwa sababu ya kukulinda, na kilichojifunza ukali kinaweza kujifunza upole.

Nilipowaeleza madereva wenzangu pale yadi walicheka mpaka chai ikamwagika. Eti musawo amekuambia maumivu ni ya kichwani! Mmoja akasema kwa hiyo wewe ni mwendawazimu umetibiwa. Hapa ndo nataka watu wanielewe vizuri kuliko popote kwenye barua hii. Kusema maumivu yanatengenezwa na ubongo si kusema ni ya kubuni. Maumivu YOTE yanatengenezwa na ubongo, hata ya mguu uliovunjika, hata ya jino, mtu aliyelazwa usingizi wa upasuaji mguu unakatwa na hasikii, mguu uko pale pale na neva ziko pale pale. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kilipoandika upya maana ya maumivu 2020 kilisema wazi kwamba mtu akisema anaumwa aheshimiwe. Na fizio wangu siku ya kwanza kabla ya kunigusa alisema "mzee, nakuamini unaumwa." Mimi mtu mzima nilitaka kulia.

Neno lake kubwa lilikuwa moja, mpaka leo nimeliandika kwa kalamu kwenye kebini: mgongo kuuma si mgongo kuumia. Herufi moja tu. Kuuma ni kengele, kuumia ni moto wenyewe. Nilipoanguka 2017 nilikuwa nimeumia, hilo hakuna ubishi, lakini nyama na mishipa ya mwili inapona kwa miezi, haichukui miaka sita, kilichobaki ni kengele.

Msidhani ilikuwa maneno tu alafu nikapona kama kwenye maombi ya mkesha. Maneno peke yake, yeye mwenyewe alisema, hayafiki mbali, utafiti umeonyesha ukimweleza mtu tu bila kumtembeza faida ni ndogo. Kazi ilikuwa jerikeni. Jerikeni tupu ya lita tano, niiname niiokote, mara tano, asubuhi na jioni. Mhariri jerikeni TUPU, na nilitoka jasho kama nabeba saruji, mke wangu amesimama mlangoni anaomba Mungu. Mgongo ukauma. Nikangoja kupooza. Sikupooza. Kesho yake tena. Alafu maji kidogo ndani, alafu nusu, alafu akanivua ule mkanda, alafu kutembea mpaka kanisani, alafu kupanda na kushuka kebini ya lori lililozimwa bila kuendesha, juu chini juu chini, watoto wa yadi wanacheka. Sheria yake ilikuwa siku nzuri usijitape ukabeba dunia na siku mbaya usilale kitandani, endelea na kidogo kilichopangwa. Akaniuliza na usingizi, na madeni, nikaona haya kidogo lakini kweli siku za wanaonidai kupiga simu mgongo ulikuwa unajua kabla yangu.

Wiki ya sita ukaniwakia vibaya sana nikataka kuacha yote. Nikampigia. Hakusema njoo tudunge sindano, aliniuliza wiki hii kulikuwa na nini, nikamwambia msiba wa shemeji na siku tatu nimekaa kwenye kiti cha plastiki silali. Kimya. Alafu tukacheka wote wawili.

Leo sijapona asilimia mia, asubuhi za baridi mgongo unanisalimia kabla ya mke wangu. Lakini naendesha, si Mombasa, naendesha Tororo, Mbale, mara moja moja Soroti. Mjukuu ananirukia. Na si mimi peke yangu wa kusimulia, binti yangu alinitafutia kwenye intaneti akakuta kule Australia walijaribu mtindo unaofanana na huu kwa watu 492 wenye migongo ya miaka, mafizio wamefundishwa, vikao saba tu kwa wiki kumi na mbili na kimoja cha kukumbushia, matokeo yalitoka 2023, na baada ya mwaka mzima waliofundishwa hivyo walikuwa bado wanafanya kazi zao vizuri na kuumwa kidogo kuliko wenzao waliotibiwa kawaida. Hakuna mashine pale. Ni mtu aliyesoma, kiti, na muda.

Sasa kilichonifanya nichukue kalamu. Nchi yetu si kwamba haijui maumivu, wacha tuseme ukweli. Shangazi yangu alikufa kwa kansa na nesi alikuwa anakuja nyumbani na morfini, dawa kali ya maumivu, ya kunywa kwenye kichupa, bure, mambo yaliyoanza na Hospice Africa Uganda, shirika la kutunza wagonjwa wasiopona, 1993 na tangu 2004 manesi waliosomea wanaruhusiwa kuwaandikia wagonjwa, nchi nyingi zilikuja hapa kujifunza. Najivunia. (Na hapana, hiyo dawa si ya mgongo kama wangu, niliuliza, nikaambiwa sahau.) Lakini ona sasa, anayeumwa na kufa ana mtu wa kumfuata mpaka kitandani, anayeumwa na kuishi ana duka la dawa na sindano. Kituo cha afya kilicho karibu na mimi hakina fizio hata wa siku moja kwa wiki. Wale watu wa kijijini wanaogawa neti na kuulizia chanjo hakuna aliyewafundisha hata hilo neno moja la kuuma na kuumia. Na mwaka 2020 duniani walihesabiwa watu milioni 619 wenye maumivu ya mgongo wa chini, mimi nadhani robo yao nimewahi kukaa nao foleni Malaba.

Na lugha. Mimi Mjapadhola, yule fizio Mmasaaba, tukakutania kwenye Kiswahili cha barabarani, na kwa Kiswahili hicho hicho kinachoitwa cha askari alinieleza neva na ubongo nikaelewa. Baraza la mawaziri lilikubali 2022 kiwe lugha rasmi na kifundishwe mashuleni, vizuri, lakini karatasi waliyonipa Kampala na ile MRI ilikuwa Kiingereza tupu ukurasa mzima, nilikuwa nasomewa na kijana wa boda, na kila neno asilolijua alikuwa analitafsiri "imeharibika".

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni dogo. Yale matangazo ya mikanda na "tiba ya diski siku saba" najua yanalipa, siwaambii myatoe. Lakini pembeni yake mwekeni fizio mmoja, wa huku kwetu au wa kwenu huko, aeleze haya kwa Kiswahili cha kawaida, ukurasa mmoja, na dalili za kukimbilia hospitali azitaje. Mkilichapa Alhamisi itakuwa vizuri manake Alhamisi ndo nashukia Malaba, nitanunua kopi kumi, moja nitaibandika pale yadi na moja nampelekea yule jirani, nianzie hapo kumwomba msamaha.

Ni mimi,
Dereva, Tororo